Alivuta Gari, Kumbe Mna Mgonjwa Ndani

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuchoma vioo vya magari yaliyobanana kwenye njia ya kuingilia hospitali ya umma. Mwanamume mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa anashuka kutoka kwenye gari la kuvuta, lakini hagusi mnyororo. Kwanza analizunguka gari dogo jeupe lililoegeshwa juu ya mstari mwekundu. Anaweka viganja pembeni mwa macho, anabandika uso kwenye kioo, anachungulia. Kisha anagonga.

"Hodi. Kuna mtu humu?"

Kimya. Anahamia upande wa pili, anagonga tena, anamulika sakafu ya gari kwa tochi ya simu.

"Siku hizi unapiga hodi mpaka kwenye magari?" muuza maji wa pale langoni anamtania. "Subiri basi ukaribishwe chai."

Anaporidhika kwamba gari ni tupu ndipo anapoinama kufunga mnyororo.

Huku mitaani wanamwita Ndoano, kwa sababu ya chuma kinachoning'inia nyuma ya gari lake. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, ni baba wa mabinti wawili, na kwa miaka tisa kazi yake imekuwa kuondoa magari yaliyoegeshwa pasiporuhusiwa. Analipwa kwa kila gari analolifikisha yadini, yanakozuiliwa magari yaliyovutwa. Siku asiyovuta gari, harudi na kitu nyumbani.

"Nikitokea mahali, watu wananitazama kama nimekuja kubeba maiti," anasema. "Matusi nimeyazoea. Mama yangu ametukanwa katika jiji hili kuliko mtu yeyote, na hajawahi hata kufika."

Anacheka kidogo, kisha uso unabadilika. Sababu ya kupiga hodi anaifahamu yeye, na wanaifahamu wachache waliokuwapo alasiri moja ya mvua mwaka jana.

Kiwanja cha hospitali hiyo kimetengwa kwa matumizi ya umma, na sheria ndogo za jiji zinataka taasisi ya aina hiyo iwe na maegesho ya wanaokwenda kuhudumiwa. Yalikuwapo. Lakini uongozi ulijenga ofisi za kupangisha kwenye kona ya kiwanja, ukapata ruhusa ya muda ya kuwaachia wapangaji uwanja wote wa mbele. Ukafungwa mnyororo, akawekwa mlinzi.

Wagonjwa waliofika kwa magari yao wakabaki na njia moja nyembamba inayokwenda kitengo cha dharura. Njia hiyo ina mstari mwekundu pande zote mbili, kwa kuwa gari la wagonjwa lazima lipite.

"Kwa hiyo watu walikuwa wanaegesha palepale, na mimi naitwa palepale," anasema Ndoano. "Ulikuwa mtego wa panya, na mimi ndiye nilikuwa chuma chake."

Siku hiyo mlinzi alimpigia simu akiwa anapiga kelele ili asikike. Gari la kijivu lilikuwa limekaa katikati ya njia, na nyuma yake gari la wagonjwa lilikuwa linapiga king'ora, haliwezi kupita. Ndoano alifika mbio. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu. Alichungulia mara moja, akaona blanketi kwenye kiti cha mbele kilicholazwa.

"Nikajua ni mzigo," anasema. "Sikuangalia mara ya pili."

Alifunga mnyororo, akalinyanyua gari pua juu, akatoka nalo langoni. Alikuwa ameshapita makutano ya kwanza alipotupa jicho kwenye kioo chake cha pembeni. Ndani ya gari la kijivu, mkono wenye bangili uliinuka kutoka kwenye blanketi, ukafuta ukungu kwenye kioo cha mbele, ukaanguka.

Alifunga breki katikati ya barabara. Mlango wa gari haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani alimkuta bibi kizee, kifua kinatoa mluzi kwa pumu, midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

"Mwanangu, tumefika?" bibi alimuuliza, akidhani ni kijana wake.

"Tunafika, mama. Usifumbe macho."

Kulifungua gari kutoka kwenye mnyororo kungechukua muda ambao bibi hakuwa nao. Ndoano alimbeba, akamkalisha kwenye kiti cha gari lake, akamfunga mkanda, akageuza. Alirudi hospitali kwa upande usio wake wa barabara, taa zinawaka, mkono hautoki kwenye honi, na gari la kijivu likiyumba nyuma yake kama mkia.

Wakati huo mtoto wa bibi, fundi umeme aliyekuwa amekimbilia ndani kutafuta machela, alikuwa ameshatoka nayo pamoja na muuguzi. Aliikuta njia iko wazi.

"Nilimuuliza mlinzi gari liko wapi. Akanionyesha barabara kwa kidole," anasimulia fundi huyo. "Sikumbuki nilichosema. Nilianza kukimbia barabarani na machela tupu, mvua inaninyeshea. Nilikuwa naona nimemwua mama yangu kwa mkono wangu."

Walikutana nje kidogo ya lango. Fundi alipomwona mwenye ovaroli akishuka, alimkaba shingoni. Ni muuguzi aliyewatenganisha, na si kwa maneno matamu.

"Mtapigana baadaye," aliwaambia. "Sasa hivi mmoja ashike kichwa, mwingine miguu."

Wakashika. Watu wawili ambao dakika ile walikuwa tayari kutoana roho wakaenda hatua kwa hatua, wakiinua machela juu ya madimbwi. Kisha wakakaa kwenye benchi moja nje ya chumba cha dharura, ovaroli na shati vikichuruzika maji. Daktari alipotoka na kusema bibi ameanza kupumua vizuri, fundi aliinamisha kichwa mpaka magotini. Kisha akamgeukia Ndoano.

"Nenda," alimwambia. "Nisikuone."

Ofisi ya yadi ilisema dereva wake alifuata utaratibu na gari lilikuwa limezuia njia. Hakuna aliyemwadhibu. Mke wa Ndoano, ambaye ni fundi cherehani, anasema hilo ndilo lililomtesa zaidi.

"Alikuwa anakaa na kijiko mkononi mpaka chakula kinapoa. Nikamwambia, baba watoto, ugonjwa hukumpa wewe. Akanijibu, lakini nilimwondoa mlangoni pa daktari."

Siku chache baadaye simu iliita. Alikuwa fundi umeme. "Mama anakutaka," alisema, akakata.

Ndoano alikwenda akijua huenda atawakuta polisi. Alimkuta bibi amekaa kitandani, anamenya chungwa.

"Ndiye wewe uliyenipa lifti ya kunirudisha nyumbani kabla sijatibiwa?" bibi alimuuliza.

Alipiga magoti, akaomba radhi. Bibi alimwacha amalize, kisha akampa nusu ya chungwa.

"Nimekusamehe, inuka. Sasa kawaambie waliofunga ule uwanja. Mimi nina pumu, siwezi kupiga kelele."

Nafasi ilijitokeza mapema kuliko alivyotarajia. Uongozi wa hospitali uliomba matumizi ya uwanja ule yabadilishwe kwa kudumu, kutoka umma kuwa biashara, na halmashauri ikaitisha mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi. Msimamizi wa yadi alimwita Ndoano.

"Ukifungua mdomo kule, funguo uziache mezani kwangu," alimwambia.

Asubuhi ya mkutano aliziweka mezani, akaondoka kwa miguu.

Ukumbini, mwakilishi wa hospitali alieleza kwamba kodi ya ofisi zile inanunua dawa, na watu walitikisa vichwa kukubali, maana ni kweli. Ndoano alisimama. Mjumbe mmoja alimuuliza anamwakilisha nani.

"Sina ninayemwakilisha," alijibu. "Mimi ndiye ninayeitwa kuja kuvuta magari pale hospitali. Mle ndani ya magari ninakuta mashuka, chupa za maji, kandambili za wagonjwa. Wale si wakaidi. Wamekosa pa kusimama. Na siku moja nilimkuta mgonjwa mwenyewe."

Fundi umeme alisimama safu ya nyuma. "Alikuwa mama yangu," alisema. Bibi, aliyekuwa amekaa kando yake, aliinua mkono ili wamwone.

Baada ya wiki kadhaa uamuzi ulitoka: uwanja unabaki wa umma na unarudi kwa wagonjwa, na nafasi za karibu na mlango wa dharura zitengwe kwa wanaowashusha, zisiguswe na gari la kuvuta. Msimamizi wa yadi alimwita Ndoano tena. Alizisukuma tu funguo upande wa pili wa meza.

Mambo hayajaisha. Wapangaji wamekata rufaa, na nusu ya uwanja bado iko nyuma ya mnyororo. Ndiyo maana asubuhi ya leo gari jeupe lilikuwa juu ya mstari, na ndiyo maana Ndoano bado anaitwa.

Lakini kila Jumamosi huenda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, ambako mwalimu wake ni muuguzi yuleyule wa machela. Hospitali imetangaza nafasi ya dereva wa gari la wagonjwa. Ameomba, na mwezi ujao ataitwa kwenye usaili.

"Wakinikataa, nitaomba tena mwakani," anasema, akikaza mnyororo kwa mara ya mwisho. "Udereva ninao, na hayo mengine najifunza. Ninachotaka sasa ni nikipiga honi, watu wafurahi kwamba nimefika."