Seva Mpya na Chai ya Mama Neema

Nichekeni mtakavyo, ila nisikilizeni kwanza. Mimi ni fundi wa kompyuta, mgeni hapa Lushoto, na tangu nianze kazi hospitalini hakuna aliyewahi kugonga mlango wangu kwa salamu tu. Wiki iliyopita nilifunga seva mpya, kompyuta kuu inayotunza mafaili, nikaipa anwani mpya ya mtandao, nikasahau kuzielekeza kompyuta za mapokezi na yangu kwenye anwani hiyo. Mafaili ya wagonjwa yakagoma kufunguka.

Ghafla nikawa mtu wa kutafutwa. Mama Neema wa mapokezi aliniletea chai ya tangawizi, akaniuliza hali ya nyumbani kwetu Tabora. Kosa nilikwisha kuliona, nikalirekebisha kwenye kompyuta yangu peke yake.

"Bado natafuta, mama," nilimwambia, ili akae kidogo. Akakaa.

Aliporudi na kikombe cha pili, alikuta faili nililofungua kwa majaribio likiwa wazi mbele yangu. Akalitazama, kisha akatazama nje dirishani, wagonjwa walikojikunyata kwenye ukungu wakisubiri.

"Kumbe kwako linafunguka."

"Linafunguka, mama."

"Tangu saa ngapi, mwanangu?"

Sikuweza kumtazama.

"Tangu kabla hujakaa."