Pikapu ya Mjerumani wa Manzese

Albano hakuwa na ugomvi na Wamarekani mpaka siku Stanley alipowaleta gerejini kwake.

Stanley alikuwa karani wa wakala wa forodha kule Kurasini, mtu wa kushinda kwenye makontena na kulala kwenye YouTube. Kila alipopita Manzese kulikagua gari lake lililokuwa likinyooshwa, alishusha habari kama anashusha mzigo. Siku hiyo alikalia tairi bovu, akatangaza kwamba watengenezaji wa magari wa Ulaya wamo kwenye kikao kisichoisha: waunde pikapu au wasiunde? Maana bila pikapu, soko la Marekani watalisikia kwa jirani.

"Mmarekani hata kanisani anakwenda na pikapu," alisema. "Hana gunia, hana tofali, lakini nyuma lazima kuwe wazi. Sasa Mjerumani anampelekea gari la kubebea mkoba. Nani atalitaka?"

"Si waziunde tu hizo pikapu," alisema Mudathir, fundi rangi.

"Wakiziunda kwao wakazipeleka, wanakutana na ushuru wa robo ya bei. Tangu enzi zile walizogombania kuku."

"Kuku?"

"Kuku, braza. Ulaya waliwatoza ushuru kuku wa Marekani, Marekani wakalipiza kwenye pikapu. Kuku wenyewe walishaliwa, wajukuu wao walishaliwa, ushuru bado upo."

Mudathir alicheka mpaka akaweka bomba la rangi chini. Albano hakucheka. Alikuwa akilitazama gari refu la Kijerumani lililokaa uani na nyasi zikiliotea miguuni. Mwenye gari alilikimbia baada ya kuambiwa spea yake inatoka ng'ambo, akamwachia Albano na funguo. Albano aliifufua injini kwa spea za magari mengine matatu, lakini bodi hakuwa amejua aifanyie nini.

"Hao watu wamesoma mpaka wamepofuka," alisema. "Pikapu si gari lililokatwa tu? Mie nitawaundia."

Albano alitoka Newala, kwenye ukoo wa wachonga vinyago. Mjomba wake alimfundisha kwamba kinyago kimo tayari ndani ya mpingo, kazi yako ni kuondoa kisichotakiwa. Albano alihamishia elimu hiyo kwenye bati. Aliondoa, akaunga, akaondoa tena. Kuna gari linatembea mjini hadi leo, mbele limezaliwa mwaka mwingine na nyuma mwaka mwingine, na hakuna anayethubutu kuliuliza umri. Kwa miaka yote hiyo neno "nimeshindwa" halikumtoka mdomoni. Linapomfika kooni, hulimeza na kusema, "Lete kesho."

Tatizo ni kwamba kinyago hakibebi abiria.

Na tatizo hilo Albano alilijua. Pikapu za Kijapani alizozizoea zina chesisi chini, kama kitanda: ondoa godoro, kitanda kimebaki. Gari hili halikuwa na kitanda. Paa, nguzo na sakafu ndiyo mifupa yenyewe, ukikata paa umemkata mtu uti wa mgongo. Alilijua hilo kama mvutaji anavyojua habari za mapafu. Akawasha grainda.

Paa la nyuma lilipong'oka, gari lilitoa mlio mfupi, kama mtu aliyeguswa jeraha usingizini. Chini alichomelea paipu za geti la nyumba iliyovunjwa kupisha barabara. Mudathir akapiga rangi nyekundu, Stanley akapiga video: "Ulaya, msisumbuke, njooni Manzese!" Watu wakaanza kuja kupiga picha. Vijana waliokuwa wakimwita "fundi" wakaanza kumwita "injinia", na Albano, ambaye shule aliiacha ikiwa bado inamtafuta, hakuwasahihisha.

Hapo ndipo ikaingia harusi.

Binti yake, Marietha, alikuwa anaolewa na Gaudens, kijana wa Bukoba. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Revelian, baba mdogo wa bwana harusi, mtu aliyezungumza Kiswahili kana kwamba anakisomea risala. Kwenye kikao cha mwisho likaulizwa swali la gari la matarumbeta. Kila mtu anajua: msafara wa harusi bila pikapu mbele, imejaa wapiga tarumbeta na ngoma, ni foleni ya kawaida tu. Albano alisimama kabla hajafikiri.

"La kwangu," alisema. Ukumbi ukapiga makofi.

Ijumaa mchana alilipakia mifuko ya mchanga kulijaribu, akaingia chini. Pale katikati, paipu ya geti ilipokutana na sakafu, weldi ilikuwa imeachia. Ilikuwa wazi kidogo, kama mdomo unaotaka kusema. Albano alilala pale mgongoni akiutazama. Simu ilikuwa mfukoni. Pikapu za kukodi zimejaa mji mzima. Ilikuwa ni kumpigia Revelian na kumwambia, mkwe, la kwangu halifai. Alipoitafuta sauti ya kusema hivyo, aliikosa. Akachukua bodi fila, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati usiobeba uzito wowote, akaufunga ule mdomo, akausugua msasa.

"Ishu gani huko chini?" Mudathir aliuliza.

"Mkwaruzo mdogo tu. Lete rangi."

Jumamosi kengele za kanisa la Mbagala zilipolia, wapiga matarumbeta walipanda. Wa mwisho alikuwa Augustine, mdogo wake Albano, mwenye ngoma kubwa kuliko tumbo lake, na tumbo lake si dogo. Kwa vile ngoma ndiyo nzito, wenzake walimsimamisha katikati kabisa. Albano, kwenye usukani, alimtazama kwenye kioo, akajua miguu ya mdogo wake imekanyaga juu ya bodi fila.

Revelian alikaa mbele na suti ya kijivu. Wakaondoka kwenda ukumbini Chamazi.

Tuta la kwanza, kitu kilisema *ng'i* chini ya viti. Revelian hakusikia kwa kelele za tarumbeta. Tuta la pili, ufa mwembamba ulichomoza kwenye kona ya kioo cha mbele, ukapanda taratibu kama sisimizi anayejua anakokwenda.

"Mkwe, ufa huu ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Naona unakua."

"Ni jua, mkwe. Jua linaurefusha."

Albano alijaribu kuufungua mlango wake kidogo, kuuonja tu. Haukufunguka. Juu fremu ilikuwa imeubana kama koleo. Alielewa: gari linakunjika katikati, na linawafungia ndani wakati likikunjika. Mgongoni Augustine alikuwa akipiga ngoma kwa kuruka, maana alikuwa anamsherehekea binti wa kaka yake.

Mbele kulikuwa na mteremko, na chini ya mteremko tuta kubwa kuliko yote. Albano alisimamisha gari.

Hilo ndilo kosa ambalo lisingemtokea mtu anayekumbuka harusi za Dar zilivyo, maana hapa gari la matarumbeta likisimama, maana yake ni moja tu: tucheze! Milango ya msafara mzima ikafunguka. Mashangazi wakashuka na vigelegele, wakavua viatu, wakaanza kupanda kwenye pikapu. Mmoja, wawili, kisha halaiki.

"Shukeni!" Albano alipiga kelele.

Tarumbeta zikamfunika. Akapiga honi. Msafara wote ukamjibu kwa honi.

*Ng'iii*, gari likasema.

"Mkwe," alisema Revelian, na risala yote ilikuwa imemtoka, "mbona miguu yangu inashuka?"

Albano alitoka kwa dirisha. Alitanguliza kichwa, suti ikachanika kwapani, akaanguka kwenye lami kwa mabega. Mashangazi wakashangilia: baba wa bibi harusi anaserebuka mpaka chini! Wakamtandikia kanga. Alipoinuka akipunga mikono, wakaipunga na wao. Alisema "shukeni", wakaitikia kwa kigelegele. Chini ya gari, alipoinama, rangi nyekundu ilikuwa ikipasuka na vumbi la bodi fila likimwagika kama unga kwenye gunia bovu.

Akaparamia tairi, akamkamata Augustine mguu.

"Acha ngoma!"

"Kaka, ndo kwanza ngoma inachanganya!"

"Augu. Acha."

Augustine aliuona uso ule. Akaacha. Ngoma iliponyamaza, tarumbeta zilipotea njia moja baada ya nyingine, na kwenye ukimya huo kila mtu akasikia bati likilalamika chini ya miguu yake.

"Gari bovu," Albano alisema. "Kazi yangu hii. Nimeshindwa. Shukeni polepole, msiruke, mwenyekiti yumo ndani."

Walishuka bila kigelegele hata kimoja. Wanaume walimvuta Revelian dirishani kama wanavyovuta godoro kwenye mlango mwembamba, kiatu kimoja kikabaki. Hakikufuatwa. Gari, likiwa tupu kabisa, halina hata anayeligusa, lilikaa chini katikati taratibu mpaka tumbo likalala kwenye lami, na kioo cha mbele kikamwagika chote juu ya viti.

Revelian alisimama na soksi moja, akitazama mahali alipokuwa amekaa.

Stephano, dereva wa gari la maharusi, alisogea taratibu mpaka ubavuni mwa Albano. Kioo cha nyuma kilishuka. Marietha alikuwa amekaa na shela lake, Gaudens pembeni yake akiangalia mbele tu. Bibi harusi alitazama chuma kilichopinda, akamtazama baba yake mdogo Augustine aliyekuwa amekaa ukingoni mwa barabara akiikumbatia ngoma.

"Baba, umeumia?"

"Sijaumia, mwanangu."

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema ni lami mbaya. Angeweza kusema ni mashangazi. Maneno yote hayo yalikuwa tayari mdomoni, yamepigwa rangi.

"Jana," alisema.

Marietha alimtazama kidogo kama mtu anayesoma namba ya nyumba ambayo hakuitarajia. Kisha kioo kikapanda, na msafara ukampita Albano pembeni, gari moja baada ya jingine, bila honi.