Misumari Saba ya Fundi Viatu

Fundi viatu huyu hufanya kazi akiwa amebana misumari midogo midomoni, kwa hiyo hasemi mengi, na linalopenya mara nyingi ni "kesho". Mteja akiulizia kiatu chake, kesho. Mkewe, anayeshona mikoba pembeni yake, akimwambia, "Baba watoto, Yesu anakuita, mwombe tu akuokoe," kesho, na nyundo inaendelea. Miaka kumi na mmoja mke amejibiwa hivyo na hajachoka. Leo amemwambia tena, nyundo ikanyamaza katikati ya soli. Mke akainua macho, akamwona mumewe akitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, yote saba, kisha akapiga magoti juu ya vipande vya ngozi. "Bwana, mimi mkosaji. Umeningoja sana. Niokoe, nipokee." Sauti ilijaa kibanda kizima; mkewe hakujua kama mumewe ana sauti kubwa hivyo. Uzi ukamponyoka mama wa watu, machozi na kicheko vikamjia pamoja. Mteja mwenye kiatu kile akachungulia mlangoni, akageuka aondoke kabla hajajibiwa. "Najua, kesho." Fundi akainuka na vumbi lake magotini, akamsogezea kigoda. "Leo," akasema. "Kaa, unaondoka nacho."