Zebaki na Pete ya Mwalimu Gideoni

Juzi mjukuu wangu aliangusha kipimajoto sakafuni kikapasuka, na vitone vyeupe vikatimka hadi chini ya kabati. Alipiga magoti akitaka kuvikamata kwa vidole. Nilimvuta mkono kwa nguvu kiasi kwamba alilia, na mama yake akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Sikuwaeleza kitu. Nitawaeleza ninyi.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, miaka ya hamsini mwanzoni, katika shule moja ya misheni huku kwetu Mbozi. Nilikuwa darasa moja na dada yangu Tabita. Alinizidi umri, lakini alichelewa kuanza shule kwa sababu alikuwa akilea wadogo zetu pale nyumbani, kijijini kwetu Ruanda. Tulikaa dawati moja, tukalala kitanda kimoja bwenini, na blanketi letu lilinuka moshi wa nyumbani hata baada ya kufuliwa.

Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Gideoni. Alikuwa kijana mtanashati, kaptula yake imepigwa pasi ikasimama kama ubao, na kidoleni alivaa pete ya dhahabu aliyoipata alipokuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya Lupa. Alipoandika ubaoni aliinua kile kidole ili pete ipate jua. Alipenda kutufundisha mambo yaliyozidi darasa letu, nadhani zaidi ili ajisikie mwenyewe akiyasema, lakini sitamnyima haki yake: alijua kufundisha.

Siku moja alitundika ukutani karatasi kubwa yenye vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina herufi na namba. Akasema kila kitu duniani, jiwe, ugali, hata pua zetu, kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana zinazoitwa atomi. Katikati ya atomi kuna kiini, na ndani ya kiini zimo protoni na nyutroni zilizobanana, na nje elektroni zinazunguka. Kinachoipa elementi jina lake, alisema, ni idadi ya protoni tu. Elementi zimepangwa ukutani kwa idadi hiyo, na zinazosimama safu moja kutoka juu kwenda chini zina tabia zinazofanana.

“Kwa hiyo safu ni ukoo,” Tabita alisema bila kunyoosha mkono.

Mwalimu Gideoni alicheka. “Ndiyo. Shaba, fedha na dhahabu ni ukoo mmoja. Sasa tazama jirani wa dhahabu. Dhahabu ina protoni sabini na tisa. Huyu hapa ana themanini. Ni zebaki. Mtu akiweza kuichomoa ile moja iliyozidi, atakuwa tajiri kuliko Gavana.”

Kisha alitoa kichupa kizito cha zebaki. Kabla ya kukifungua alivua pete yake, akaitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. “Zebaki ikigusa dhahabu huishika,” alisema, “na dhahabu inageuka nyeupe kama bati.” Akaimimina zebaki katika kisahani, nasi tukaisogelea tukisukumana. Ilikuwa maji yasiyolowesha. Hadi leo sijaona kitu kizuri kama kile.

Usiku ule Tabita alinifundisha upya somo lote kwa punje za mahindi na maharage juu ya blanketi, mahindi yakiwa protoni, maharage nyutroni. Alitaka kuwa mwuguzi. Alilisema hilo kila siku, kama mtu anavyosema jina lake.

Haukupita muda kichupa kikatoweka kabatini. Wiki ile zamu ya kufagia chumba cha sayansi ilikuwa ya Tabita, na Mwalimu Gideoni alimtaja yeye mbele ya shule nzima. Sanduku letu lilimwagwa uani, nguo zetu za ndani wakaziona wavulana wote. Hawakupata kitu. Alichapwa hata hivyo, ili aseme alikokificha, na hakusema kwa sababu hakuwa na la kusema. Mimi nilikuwa mstarini, nauma ulimi.

Baba aliitwa. Alifika na fimbo yake na kofia mkononi. Mwalimu Mkuu, mzee mpole kutoka milima ya Ileje, alimweleza kwa huzuni. Baba hakuuliza lolote. Hakumtazama hata Tabita.

“Kama mmeona ni mwizi, mimi niseme nini, Mwalimu?” alisema. “Namchukua.”

Nilidhani ni aibu iliyomziba mdomo. Kabla mwezi haujaandama, Tabita aliozwa Itumba, kwa mwanamume mwenye mvi ambaye sikuwahi kumwona.

Tangu siku hiyo sikusoma ili nijue. Nilisoma kwa hasira. Nilijua lazima mwizi yupo, na nilitazama mikono ya kila mtu kama kuku anavyotazama ardhi. Ndipo nikaona kwamba Mwalimu Gideoni amefunga kitambaa kidoleni, kile kile cha pete. Alisema amejikata na kisu. Wiki zikaenda na kidonda hakiponi. Asubuhi moja nilimpelekea maji ya kunawa, na kitambaa kililowa kikateleza. Pete ilikuwa nyeupe kama bati, na kuivua asingeweza, maana shule nzima iliijua, na angeulizwa iko wapi.

Alirudisha kitambaa upesi, akanitazama. Niliinamisha kichwa kama binti mwenye adabu. “Shikamoo, Mwalimu,” nikasema, nikaondoka na ndoo.

Sikumwambia mtu. Ningeweza kwenda kwa Mwalimu Mkuu siku ile ile, lakini sikutaka aumbuliwe chumbani, mlango umefungwa. Tabita aliumbuliwa uani.

Siku ya wazazi ilipofika, uwanja ulijaa watu kutoka Itaka hadi kwetu, na Mwalimu Gideoni akanichagua mimi nieleze elementi, kwa kuwa Tabita hakuwapo tena wa kunizidi. Jedwali lilitundikwa kwenye ukuta wa nje. Nilieleza kiini, protoni, elektroni. Wazee walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Nilipofika kwenye dhahabu na zebaki, nilimgeukia Mwalimu Gideoni.

“Mwalimu alitufundisha kwamba zebaki ikigusa dhahabu huigeuza nyeupe. Mfano tunao hapa. Naomba Mwalimu afungue kitambaa cha kidoleni.”

Alicheka. “Mtoto huyu ana homa.”

“Basi fungua, Mwalimu,” Mwalimu Mkuu alisema taratibu, “ili tujue kama ni homa.”

Alifungua. Mwalimu Mkuu akamshika mkono, akaugeuza juani, wala hapakuwa na kidonda, ila pete nyeupe tu.

“Ni siku ile ya somo, mzee,” Gideoni alisema. “Iligusa kidogo.”

Darasa zima likapaza sauti kwa pamoja: “Aliivua! Aliitia mfukoni akafunga kifungo!”

Yaliyobaki aliyasema mwenyewe. Alikuwa amemuuzia mchimba dhahabu zebaki yetu, ya kunasia dhahabu mchangani, na alipoimimina kwa haraka katika chupa nyingine akasahau pete. Alifukuzwa siku iyo hiyo. Nilimfuata mpaka barabarani, naye amejitwika sanduku lake na kaptula imejikunja, nikapita mbele yake ili anione vizuri.

“Shikamoo, Mwalimu,” nilisema.

Hakuitikia. Nilirudi nikila utamu wa ukimya wake, na nikiwaambia kwamba nimeujutia nitakuwa nawadanganya.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mwalimu, nilikwenda Itumba kumwona Tabita. Tuliketi tukimenya viazi. Nikamsimulia yote, kitambaa, uwanja, barabara, nikingoja uso wake ung'ae. Alicheka kweli, hadi akafuta machozi. Kisha akaendelea kumenya.

“Walinitangaza safi?” aliuliza.

“Mwalimu Mkuu alimwandikia Baba kwamba urudishwe shule.”

“Baba hakuniambia.” Alitupa kiazi ndani ya sufuria. “Eliza, wale ng'ombe wa mume wangu, mahari yangu, walikuja zizini kwa Baba likizo ya kabla ya hapo, zebaki ikiwa bado kabatini. Ulidhani ni wa nani?”

Niliwakumbuka. Baba alisema anamtunzia rafiki. Nilikunywa maziwa yao likizo nzima, nikanenepa.

Baba alikuwa ameshakufa wakati huo. Nilimlilia kuliko watoto wake wote, nami ndiye niliyeshika msalaba mbele ya jeneza. Kisasi changu chote, kile nilichokitunza kwa uangalifu mkubwa, nilikuwa nimekimaliza kwa mwizi wa kichupa.