Pipa Lililofunikwa Kitambaa Cheupe

Leo nimetapika mbele za watu, na wala sioni aibu.

Nilikwenda kambi ya reli ya Wajerumani hapa Dodoma kumwona kaka yangu. Amerudi kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam akiwa na kidingapopo, homa ile inayovunja viungo. Kugeuka tu analia. Mwanaume mzima!

Nilimbebea maji ya kisima kwenye kibuyu, kutoka kijijini kwetu Ihumwa, kichwani, na jua hili.

Msimamizi wa banda la wagonjwa akakinyakua. Akanusa.

"Kinanuka maziwa. Ninyi watu wa ng'ombe wachafu sana."

Akayamwaga yote chini. Mbele ya watu wenye homa, midomo imewapasuka!

"Chota kwenye pipa lile," akasema. "Hayo ndiyo maji safi, ya serikali."

Nikafunua kitambaa cheupe, tena kimepigwa pasi.

Jamani.

Viluwiluwi! Wanapinduka-pinduka kama uji unaochemka. Ute wa kijani umeganda kwenye kata ya kuchotea. Hapo ndipo nilipotapika.

"Chuja kwa kanga yako," akaniambia, wala hageuki. "Hawaumi hao."

Kaka akaninong'oneza, "Dada, hayo ndiyo tunayokunywa kila siku."

Damu ikanichemka. Nikajaza kata, nikamsogezea mdomoni yule msimamizi.

"Basi tangulia wewe, bwana."

Akaruka nyuma kama ameona nyoka. Sikieni alivyonijibu, halafu mniambie nani hapa mchafu:

"Mimi? Hayo ni maji ya wagonjwa!"