Mtani Aliyerudisha Hendeli

Sikuombi uniamini upesi. Mimi mwenyewe, kila ninapokisimulia kisa hiki, narudi nyuma kukagua kama nimeongeza chumvi, maana ndivyo nilivyo: mtu wa kukagua. Lakini haya yalinipata mimi, macho makavu, saa saba na nusu mchana siku ya Ijumaa, katika yadi moja ya magari kule Gerezani, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Mchana, nisikilize vizuri. Watu hudhani mambo haya lazima yasubiri giza.

Nina landrova. Ni ya marehemu baba, ile ya zamani ya petroli, yenye tairi la akiba juu ya boneti na madirisha ya kusukuma. Baba aliitumia kubeba mbao, wagonjwa, maharusi na kila mwenye shida mtaani kwetu. Alipofariki ikakaa mpaka ikagoma kabisa, nami nikaapa kuifufua. Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwenye simu, kwa video za wazee wa nchi za mbali ambao maneno yao niliyaelewa nusu, na kwa kusimama nyuma ya mafundi mpaka wakanizoea na kuniita dada spana.

Ilinichukua miaka minne. Fundi wa kawaida angemaliza kwa miezi mitatu, na sitaki kujificha: tatizo lilikuwa mimi. Nilipiga msasa chesisi yote, nikapaka rangi, nikaona chunusi ndogo mahali ambapo hata paka hawezi kuchungulia, nikakwangua yote na kuanza upya. Mara tatu. Kabureta niliifungua na kuifunga hadi nati zikaanza kuchoka. Kusema kweli niliogopa kuiwasha. Gari ambalo hujaliwasha haliwezi kukuaibisha.

Mama alivumilia mpaka mwenye yadi nilimokuwa nikiitengenezea akataka eneo lake. Hapo akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba amekubaliana na mnunuzi wa chuma chakavu. Ijumaa, kabla ya adhana ya alasiri, atakuja naye. Ikiwa landrova inawaka, ni yangu, niipeleke nyumbani. Isipowaka, yule bwana ataingia na mtungi wake wa gesi na kuikata vipande. "Baba yako hakuacha sanamu," alisema. "Aliacha gari."

Ijumaa hiyo nilikuwa yadini tangu alfajiri. Nikazungusha ufunguo. Tik. Hakuna kingine. Nikaazima betri mpya. Tik. Nikafungua stata, nikaijaribu chini kwenye udongo, ikazunguka kama feni. Nikairudisha mahali pake. Tik. Saa saba mafundi wote walikwenda msikitini, mimi Mkristo nikabaki peke yangu, nikafunga geti kwa komeo la ndani nisisumbuliwe na wachuuzi. Kisha nikakaa juu ya madigadi nikalia. Nilikuwa na grisi mikononi, kwa hiyo unaweza kufikiria uso wangu.

Ndipo kimya kikaingia. Wewe uliyewahi kufika Kariakoo, niambie: lini umeisikia iko kimya? Hata Ijumaa kuna vipaza sauti vya wauza nguo, kuna wasukuma mikokoteni wakiomba njia. Vyote vilikatika pamoja, kama mtu amezima redio. Na katika kimya hicho nikasikia sauti ya mwanamke.

"Mnyamwezi gani huyu analilia mzigo? Babu zako walileta Pwani pembe za ndovu za watu wakiwa wamezibeba vichwani, wewe kigari kimoja kimekushinda? Kibebe begani twende."

Nilimtambua kabla sijageuka. Alikuwa Bi Tatu, Mzaramo, aliyekuwa akiuza uji karibu na geti la yadi enzi za baba, na miaka yote wale wawili walisalimiana kwa matusi tu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, hilo unalijua. Tatizo ni kwamba mimi, mtoto wa mjini, wakati baba anafariki sikulijua.

Ngoja nikuambie nilichomfanyia. Kwenye msiba wa baba, siku ya pili, Bi Tatu alivaa kofia ya marehemu, akapanda kwenye landrova iliyokuwa uani, akaanza kumuigiza: kikohozi chake, namna alivyopigana na gia, namna alivyoigombeza breki kama mke. Wanawake waliokuwa wamelia tangu jana yake wakaanza kucheka. Mimi nikaona anamdharau baba. Nilimshika mkono nikamvuta, akaanguka kwa magoti mbele ya waombolezaji wote. Aliinuka, akajipangusa, akachukua hendeli, kile chuma cha kuwashia gari kwa mkono, kutoka chini ya kiti. Akasema, "Naondoka nayo. Siku ukijua kucheka na mimi, utaikomboa."

Kwa desturi tungemfuata siku hiyohiyo, tukataniana, mambo yakaisha. Hatukumfuata. Niliona aibu, na aibu yangu ikawa kubwa kila mwaka mpaka nikawa napita njia nyingine nisikutane naye.

Sasa alikuwa mbele yangu, khanga kiunoni, hendeli kwapani. Alikwenda akakaa juu ya boneti, kando ya tairi la akiba, bati ambalo mimi nilikuwa nalishika kwa kitambaa kwa jinsi lilivyochomwa na jua. Hata hakukunja uso.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Shikamoo mpelekee shangazi yako. Mtani halipwi kwa shikamoo."

Nilianza kumwomba radhi. Nilikuwa na hotuba, naiandaa na kuirekebisha kichwani kwa miaka yote ile, kila neno mahali pake. Akainua mkono kunisimamisha.

"Msamaha uliopigwa msasa hivyo sina pa kuuweka. Nitanie."

Unacheka? Jaribu wewe. Mtu mzima, mwenye mvi, uliyemdhalilisha, anataka umtukane. Nilifikiria maneno kumi nikayatupa yote, hili halifai, lile litamuumiza, na wakati huo alasiri inakuja na mama yuko njiani na mtu wa gesi. Mwishowe nikafumba macho, nikasema kwa sauti inayotetemeka, "Nyinyi Wazaramo mliuza minazi yote mkacheza ngoma, ndiyo maana mnatembea kwa miguu mmekumbatia hendeli ya gari la watu."

Nilidhani nimekufa.

Kisha akacheka. Alicheka akijipiga mapaja, akicheka akarudia maneno yangu kwa sauti yangu ileile ya kutetemeka, na mimi nikajikuta nacheka, nikamwona baba kichwani mwangu akipigana na gia, nikacheka zaidi. Amini usiamini, tangu tumzike ilikuwa mara ya kwanza kumkumbuka bila kuumia.

Akanipa hendeli. Ilikuwa ya baridi kama soda iliyotoka kwenye friji. Akanielekeza kuiingiza mbele, chini ya rejeta. Nikamwambia sijamaliza, kabureta inahitaji kuangaliwa tena, na kuna mchirizi wa rangi mlangoni.

"Dole gumba liweke upande mmoja na vidole vingine," alisema, kana kwamba sijasema kitu. "Ikipiga teke litavunjika. Haya, zungusha."

Nikawasha swichi, nikavuta choki, nikazungusha. Hakuna kitu. Nikazungusha tena, ikapiga chafya. Mara ya tatu mabega yakaniuma kama yanang'oka, na landrova ikawaka. Moshi mweusi, bati lote likitetemeka, na pamoja na mngurumo ule Kariakoo nzima ikarudi masikioni mwangu: vipaza sauti, honi, mtu anauza soksi. Nikainua kichwa nimwonyeshe Bi Tatu. Juu ya boneti hapakuwa na mtu.

Mimi ni mkaguzi, nimeshakuambia. Niliangalia chini ya gari, nyuma ya rundo la springi, ndani ya kila kibanda. Nililiangalia geti. Komeo lilikuwa vilevile kama nilivyolifunga, kwa ndani. Na vumbi la juu ya boneti halikuwa na alama ya mtu aliyekaa.

Mama alifika kabla ya adhana. Yule mnunuzi alisimama, akaisikiliza injini kwa muda, akasema, "Hii, mama, haiuzwi kwa kilo," akaondoka na mtungi wake. Mama alizunguka gari akiligusa hapa na pale, macho yamelowa. Akaiona hendeli. Akauliza imetoka wapi. Nilipomwambia, alitafuta tairi akakaa.

"Bi Tatu tulimzika masika yaliyopita, mwanangu. Nilikwenda. Sikukuambia, maana jina lake likitajwa ulikuwa unatoka chumbani."

Kesho yake tuliendesha landrova hadi Buguruni kwa binti yake. Alituambia kwamba hendeli ile ilikuwa ya kuegemezea mlango usifunguke na upepo. Ijumaa asubuhi aliiona. Mchana haipo, akajua wameipitia waokota vyuma. Nilitaka kumrudishia, akakataa, akasema mama yake alisema siku zote kwamba ina mwenyewe.

Na stata? Wiki iliyofuata fundi mmoja mzee alifungua waya mnene wa hasi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi, akanionyesha. Chini ya bolti nilikuwa nimepaka rangi, tabaka tatu, safi kabisa, mahali ambapo chuma kinatakiwa kigusane na chuma ili umeme upite. Pale palihitaji kubaki patupu, bila rangi. Nilipakwangua kiasi cha kipande cha shilingi, na stata ikaitika. Sasa pameanza kuota kutu kidogo. Nimepaacha. Landrova inavuja oili, mlango wa kushoto haufungi bila teke, na kila Jumapili tunaizungusha mjini mama akiwa mbele, mkono nje ya dirisha. Hendeli nimeiweka chini ya kiti, na nakuapia, hata gari likishinda juani siku nzima, yenyewe haipati joto.

Mwezi uliopita alifariki jirani yetu, mzee wa Kizaramo. Wakaniomba gari la kupeleka waombolezaji makaburini. Tulipofika Jangwani nikazima injini katikati ya safari, nikageuka, nikatangaza kwamba gari la Kinyamwezi halibebi Mzaramo mpaka kijana mkubwa wa marehemu aniimbie. Kijana huyo tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Nilitamani nishuke nikimbie.

"Nikuimbie nini," akasema, "na masikio yenu yalishazibwa na mizigo ya kichwani?"

Gari lote likacheka, naye akacheka huku machozi yanamtoka, na nikawasha tukaenda kumzika baba yake.

Basi nakuonya kama mtu aliyelipa. Msibani kwenu akija mtu akavaa kofia ya marehemu na kukaa kitini pake, usimguse. Cheka, hata kama utacheka unalia. Ukimfukuza atarudi kudai kicheko chake, na si lazima awe bado hai.