Mbegu Shingoni mwa Mama

Majuzi sokoni Embu niliona wanawake waliotoka kanisani wakinunua shanga za mbegu na kuzivaa papo hapo. Nilisimama nikiwaangalia kama mjinga.

Mbegu kama hizo, za kijivu, nilikuwa nikizichuma mtoni kule kwetu Kibugu. Unavuta kiini, tundu linabaki, unapitisha uzi wa mkonge. Alasiri moja nilimvisha mama. Mikono yake ilinuka majani chai. Akacheka, "Wanja, baba yako atafikiri ameoa tena!"

Kabla hajavua, wenzake waliookoka wakaingia jikoni kwa maombi. Siku hizo aliyeokoka hakuvaa mapambo. Ukipatikana nayo unaketishwa benchi la nyuma kanisani. Mama Njeru, kiongozi wao, akamwangalia. Sitaki kumsema vibaya, maana tulipougua surua ndiye aliyetuletea maziwa. Akauliza polepole, "Dada, na hicho shingoni ni nini?"

Mama akavua, akatupa motoni. Mbegu zikaanza kupasuka, pa, pa. Kisha akatubu mbele ya wote: "Nilivaa mapambo, na nilifurahi."

Nilingoja aseme ni mimi niliyezitengeneza. Hakusema. Nikadhani anaionea haya kazi yangu, nikamnunia siku nyingi, naye akakalia lile benchi la nyuma mpaka mahindi yakavunwa.

Labda nakosea hata sasa nikidhani hakutaka kujificha nyuma yangu, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Lakini angesema tu kwamba ni mtoto aliyemvisha, wangemwachilia hapo hapo.